Pikapu ya Boay na Ufa Uliofunikwa

Korongo haliulizi rangi, huuliza chuma.

Asubuhi mmemsikia yule dereva akiisema methali hii. Aliinama chini ya gari jekundu aliloletewa alinunue, akatoka akipangusa magoti, akaitamka na kwenda zake. Mmecheka, kisha mmeniuliza kama ni ya Wairaqw au ya Wamasai. Si ya hao peke yao wala ya hawa. Ina umri mdogo kuliko mimi, na siku iliyozaliwa nilikuwepo. Sogezeni hivyo viti niwaeleze ilivyoanza.

Mdogo wangu Paskalina aliolewa na mtu aitwaye Boay, dereva wa idara ya kilimo. Boay aliendesha pikapu moja kwa miaka kumi na tisa, akipeleka mbegu na mabwana shamba huko Mbulu na Yaeda. Alipoacha kazi, pikapu ile nayo ikapelekwa mnadani, naye akaenda akainunua. Injini yake ya dizeli ilikuwa bado nzima, ila bodi lilikuwa limechoka na viti vilikuwa vimebaki sponji.

Wakati huo wageni walikuwa wameanza kupenda magari ya kulala porini. Boay aliliona moja kituo cha mafuta hapa Karatu. Hema lilikuwa limekunjwa juu ya paa, na jiko lilivutwa kutoka nyuma kama droo ya kabati. Alilizunguka mara tatu. Jioni ile ile alikuja karakana kwangu, akachora kwa chaki kwenye sakafu kile alichotaka nimtengenezee.

Tulifanya kazi miezi mitatu. Tulibadilisha springi, gari likanyanyuka, likavaa matairi makubwa ya meno. Nilichomelea fremu ya mabomba juu ya bodi la nyuma, tukafunga hema juu yake pamoja na ngazi yake ya alumini. Chini yake fundi seremala aliweka kabati la mninga lenye droo za vyombo na jiko la gesi. Tuliongeza tangi la maji, betri ya pili, winchi ya waya mbele ya kulivutia gari likikwama, na matairi mawili ya akiba nyuma kabisa. Mwisho Boay aliipaka rangi ya kijani kibichi, akaing'arisha mpaka watu wakawa wanajitazamia kwenye mlango wake.

Siku mbili kabla ya safari ya kwanza, nililala chini ya gari nikifunga kishikio cha tairi la akiba. Mkono wangu ulipita juu ya chasisi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, kidogo nyuma ya kabini, upande wa kushoto, nikahisi mkwaruzo. Nikachukua nyundo nikagonga. Chuma kizima hujibu kwa mlio. Pale palijibu kama gunia. Nilikwangua matope ya miaka nikauona ufa, mrefu kama kidole cha kati, na kutu pande zote mbili.

Nikamwita Boay. Alichuchumaa akautazama.

"Tushushe bodi lote," nikamwambia. "Nikate sehemu iliyooza, niweke bamba ndani na nje. Siku nne."

"Shemeji, yule Mwalimu aliyelikodi anaondoka kesho kutwa. Nimeshampa neno langu."

"Basi umwambie asubiri."

"Ni mteja wa kwanza. Nikianza kwa kuahirisha, nani atakuja wa pili? Na Paskalina anajifungua mwezi ujao." Aliinuka akaweka mkono kwenye paa. "Pitisha mstari mmoja wa kuchomelea juu yake, upake rangi nyeusi. Tukirudi nakuachia gari hata wiki mbili. Limenibeba miaka kumi na tisa hili."

"Halikuwa limebeba hema, maji na kabati."

"Shemeji, nakuomba."

Nilikuwa najua. Sitaki mseme sikujua. Kuchomelea juu ya kutu ni sawa na kushona nguo iliyooza: sindano inapita, lakini uzi hauna mahali pa kushika. Nilipitisha ule mstari, nikachukua brashi nikaupaka rangi nyeusi, na ulipokauka hata mimi sikuweza kuuona. Kisha nikamwambia Boay nataka kwenda nao, nikaone hema linavyofunguliwa. Hema lile nilikuwa nimelifungua kwa mikono yangu mara kumi. Sababu ilikuwa ule ufa, na niliogopa kuitaja.

Mteja mwenyewe aliitwa Mwalimu Mbonea, Mpare wa Same, mstaafu wa miaka sabini na moja. Ujanani alikuwa amefundisha darasa la kwanza kabisa la shule ya Engaresero, kule Ziwa Natron, na alitaka kuiona tena kabla miguu haijamkatalia. Nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu. Alitembea kwa fimbo, na kuingia garini kulimchukua muda, akiuinua ule mguu kwa mikono yake miwili kama mtu anayepakia mzigo.

Tuliondoka alfajiri. Boay kwenye usukani, mimi katikati, Mwalimu mlangoni. Tukashuka Mto wa Mbu, tukashika njia ya vumbi ya kaskazini. Kila gari liliporuka nilibana meno nikasikiliza. Mwalimu alidhani naogopa mwendo, akamwambia Boay apunguze, "mama hapa hana raha."

Kupita Engaruka tulisimama tunywe chai. Boay alivuta lile jiko, akafungua kiti cha turubai, akamketisha Mwalimu kivulini. Mzee alifurahi, akawa anavuta droo na kuzirudisha. Nikajifanya nimeangusha kijiko, nikainama chini ya gari. Rangi yangu nyeusi ilikuwa imepasuka. Katikati yake ulipita mstari mwembamba wa kahawia, na sasa urefu wake ulikuwa umekaribia shibiri.

Nilimfuata Boay kwenye tangi la maji. "Umefunguka," nikamwambia chini chini.

"Ni vumbi hilo."

"Njoo uone."

"Nikija kuona, halafu nifanye nini hapa?" Hakunitazama. "Zimebaki saa mbili tu. Tutakwenda polepole."

Mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, kikombe mkononi. Ningeweza kumwendea. Nilikunja kile kiti cha turubai nikakirudisha mahali pake, nikapanda garini.

Saa tisa alasiri tulifika kwenye korongo pana, la mchanga mweupe, kingo zake zikiwa na urefu wa mtu. Kwetu jua lilikuwa kali. Upande wa magharibi, juu ya milima ya Ngorongoro, wingu lilikuwa jeusi mpaka chini. Ng'ambo alisimama mzee wa Kimasai na mbuzi wake. Alipotuona aliinua mkono akautikisa, kisha akaonyesha milimani.

"Anasema tusubiri," nikasema.

"Anasema maji yanakuja," Boay akajibu. "Kama yanakuja, ni bora tuvuke sasa kuliko kulala huku."

Akaweka gia nzito, tukashuka. Mchanga ulikuwa mgumu kuliko tulivyotarajia, tukavuka bila shida. Tulipofika ukingo wa pili magurudumu ya mbele yalianza kupanda, pua ya gari ikaelekea juu, na uzito wote wa nyuma ukaning'inia. Matairi ya akiba yaligonga mwamba. Hapo nikasikia mlio mmoja, mkavu, kama mtu amevunja kuni gotini. Kabini ikazama nyuma, fremu ya hema ikagonga paa juu ya vichwa vyetu, na gari likarudi chini kidogo kidogo mpaka likasimama mchangani, pua ikitazama ukingo.

Boay alikanyaga mafuta. Injini ilinguruma, magurudumu hayakuzunguka.

Alisukuma mlango, haukufunguka. Wa Mwalimu nao ulikuwa umebanwa, kwa kuwa kabini nzima ilikuwa imejipinda. Boay alitokea dirishani, nami nikamfuata. Mwalimu hakuweza. Nyonga ile haikukunjika kupita kwenye tundu dogo namna ile. Tulimvuta mabega mara moja tu, akatoa sauti iliyotufanya tumwachie.

Yule mzee wa Kimasai alikuwa ameshuka mpaka ukingoni. Jina lake, kama tulivyojua baadaye, ni Parmitoro. Alisema kwa Kiswahili cha taratibu, "Huko juu imenyesha tangu mchana. Mtasikia kwanza harufu."

Boay akakimbilia winchi. Akavuta waya, akawa anatafuta mti wa kuufunga juu ya ukingo. "Tutalitoa zima," alikuwa anasema. "Dakika kumi tu, tutalitoa zima."

Hapo ndipo niliposikia harufu ya udongo ulioloa, pale ambapo tone moja halikuwa limeanguka.

"Shemeji," nikamwambia, "acha waya. Chasisi imekatika pale pale tulipoziba. Ukivuta, utatoa nusu ya gari, na Mwalimu akiwa ndani."

Akasimama na ndoano mkononi. Kutoka ndani ya kabini Mwalimu Mbonea akauliza, kwa sauti ya darasani, "Mliziba nini?"



"Haya," akaendelea mwenyewe. "Nitoeni kwanza. Maelezo baadaye."

Boay aliitupa ndoano. Nikachukua kisu cha jikoni kwenye droo, nikapanda juu ya boneti, nikaanza kukata mpira unaoshika kioo cha mbele. Ulikuwa mpya, tuliuweka wenyewe, nao ulinipinga kila inchi. Mwalimu alisukuma kwa fimbo yake kutoka ndani. Boay alichomoa ngazi ya hema akailaza kutoka boneti hadi ukingoni, na Parmitoro akakamata ncha ya juu akaikalia. Mngurumo ulianza mbali, kama lori linalopanda mlima. Kisha ukawa karibu.

Kioo kilitoka. Boay aliingiza mikono akamshika Mwalimu kwapani, mimi nikaushika ule mguu mbovu kwa mikono miwili, kama alivyoushika yeye asubuhi. Tulimlaza chali kwenye ngazi. Ulimi wa kwanza wa maji ulipita chini yetu, wa povu na vijiti, usiozidi kifundo cha mguu. Tukamsukuma, Parmitoro akavuta. Mwalimu alifumba macho, hakulia. Nilipofika juu kwa magoti, nikageuka, nikamwona Boay bado yuko kwenye boneti, kiganja chake juu ya ile rangi ya kijani.

"Baba wa mtoto," nikamwita. "Njoo."

Aliruka. Ngazi ilichukuliwa nyuma ya visigino vyake.

Maji yalikuja kwa kimo cha kifua, mekundu, na miti mizima ndani yake. Yaliligonga gari ubavuni. Bodi la nyuma liliachana na kabini bila ubishi, likaenda na hema, kabati la mninga na jiko, likigeuka geuka mpaka likapotea kwenye kona. Kabini ilibaki imeegemea mwamba.

Tuliketi kwenye nyasi. Mwalimu akauliza, "Nani alijua?"

Boay aliinamisha kichwa. Nikasema, "Mimi, Mwalimu. Niliuona ufa nikaupaka rangi. Na pale tulipokunywa chai niliuona tena, umekua."

"Mimi ndiye niliyemwomba," Boay akasema.

Mzee alitutazama mmoja mmoja. Mguu wake ulikuwa umeanza kuvimba. "Mngeniambia pale kwenye chai," akasema, "ningeshuka nikangojea gari jingine, hata siku tatu. Safari hii nimeingojea miaka arobaini na miwili. Siku tatu zingenifanya nini?"

Wanangu, nimewahi kutukanwa, na nimewahi kupigwa. Hakuna kilichoniingia kama swali lile.

Parmitoro hakuwa ameelewa yote. Alikuwa anaiangalia kabini, ambayo maji yalikuwa yameiosha vumbi la njiani ikawa inametameta. "Ni gari jipya?" akauliza.

"La zamani," Boay akajibu. "Tulilipaka rangi."

Parmitoro akafikiri. "Korongo haliulizi rangi," akasema.

Mwalimu Mbonea alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya shati. Bila kuinua macho, kama anayemsaidia mwanafunzi aliyekwama katikati ya sentensi, akamalizia: "Huuliza chuma."

Tulilala bomani kwa Parmitoro. Kesho yake lori la chumvi lilimchukua Mwalimu, akafika Engaresero akiwa amelazwa juu ya magodoro, na wazee watatu aliowafundisha kusoma wakaja kumpokea. Alituandikia barua baadaye. Hakusema ametusamehe, wala hakusema hajatusamehe. Alituhadithia habari za shule.

Boay ndiye aliyeitembeza methali hii. Angeweza kusema ni mafuriko tu, watu wangemwamini. Lakini alirudi kuendesha magari ya wengine, na kila karakana aliyoingia aliisimulia habari yake mwenyewe bila kupunguza. Madereva wakaichukua, kisha wake zao, kisha wahubiri. Siku hizi naisikia ikisemwa kuhusu wachumba, nyumba na watu wanaoomba kura, na wanaoisema hawajui kwamba nyuma yake kulikuwa na brashi, na mkono huu.

Mimi tangu siku ile sifuniki kitu kabla mwenye gari hajaweka kidole chake juu ya ufa na kuniambia ameuhisi. Wapo wanaokasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Huwaacha waende, lakini kwanza huwaambia neno mlilolisikia asubuhi, na sasa mnajua ni nani aliyelianza, ni nani aliyelimalizia, na ni akina nani waliokuwa wamekaa kimya katikati.

Korongo haliulizi rangi, huuliza chuma.