Nani Aliyeiwasha Pikapu ya Mama Mgaya?

Haya, jisogezeni, na anayetafuna atafune taratibu, maana kisa hiki sikirudii. Mimi ni muuza maandazi hapa Makambako. Kibanda changu kinatazamana na fremu za biashara za Mama Mgaya, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Machache ambayo sikuyaona nimeyauliza, na kuuliza si ujinga.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mzee Enea Tweve, muuza spea. Kipaji chake kiko mikononi. Mpe spea akiwa amefumba macho, ataipima uzito, atapitisha dole gumba kwenye maandishi, atanusa mpira wake, kisha atakwambia kama ni orijino au feki. Amekaa nyuma ya kaunta miaka thelathini na sijasikia amekosea. Shida ni kwamba siku hizi hakuna anayemuuliza. Watu wanaingia dukani kwake, wanapiga picha spea iliyo rafuni, wanatoka kwenda kuiagiza kwa simu. "Duka langu limekuwa studio," mzee analalamika. Juu ya hayo, mwenye jengo alikuwa amempa mwezi mmoja ahame.

Wa pili ni Lutengano. Huyu hana duka, ana simu. Kipaji chake ni kutafuta. Mtajie spea ya gari lolote, hata lile waliolitengeneza wamelisahau, ataulizia Dar, Mbeya, Tunduma, na keshokutwa mzigo unashushwa kwenye basi. Mizigo yake ilikuwa inalala kwa dada yake, chini ya kitanda na juu ya kabati. Siku shemeji yake alipojikwaa kwenye shokamzoba akienda msalani, Lutengano aliambiwa atafute pengine pa kuiweka.

Wa tatu ni Mwalimu Skolastika Mbilinyi wa shule ya msingi, na kipaji chake ni masikio. Alianza kwa kutengeneza gari lake mwenyewe uani, kwa kuwa alichoka kuambiwa na mafundi, "Mama, hili ni tatizo kubwa." Alitazama video, akaharibu, akarudia, akaweza. Majirani wakaanza kumletea yao. Ikafika mahali kila Jumamosi uani pamejaa magari, mpaka mwenye nyumba akasema oili imeua mchicha wake, na gari jingine lisiingie.

Mmeshaelewa kwamba wote watatu walihitaji mahali. Sasa sikilizeni.

Mama Mgaya ana fremu tatu. Moja ina kinyozi, moja ina mshona nguo, ya tatu ilikuwa tupu. Ana pia pikapu ya kubebea viazi kutoka shambani kwake. Msimu uliopita viazi vimeshachimbwa, magunia yamepangwa, pikapu ikagoma kuwaka. Mafundi wawili wa gereji waliitazama, wakasema injini imekufa. Wiki ikapita, viazi vikaanza kuchipua.

Mama wa watu akaja kibandani kwangu amevurugwa, akasema mbele ya wateja wangu wote, "Atakayeiwasha pikapu yangu kabla viazi havijaoza, fremu yangu ni yake mwaka mzima. Kodi sitaki."

Alisema atakayeiwasha. Hakusema watakaoiwasha. Mdomo huponza kichwa.

Mwalimu Skolastika ndiye aliyekuja wa kwanza. Hakufungua hata boneti. Alilala chini ya pikapu, akamwambia Mama Mgaya afungulie swichi. Akagonga tangi kwa mpini wa nyundo, akatega sikio, akagonga tena.

"Injini yako ni nzima, mama," alisema akijifuta vumbi. "Pampu ya mafuta ndiyo imekufa. Ikiwa hai huwa inalia humu ndani. Hii iko kimya kabisa."

Bila Mwalimu, Mama Mgaya angenunua injini isiyohitajika, na pikapu isingewaka hata hivyo.

Lakini pampu yenyewe iko wapi? Kwa Mzee Tweve haikuwapo, ya mwisho aliiuza zamani, na aliyekuwa akimletea mzigo amefunga duka. Lutengano akachukua simu. Mtu wa Dar akamuuliza, "Ya mafuta gani?" Lutengano naye akajibu kwa kujiamini, "Ya injini, kaka. Mafuta yanayokwenda kwenye injini."

Siku mbili baadaye mzigo ukafunguliwa pale kibandani kwangu. Mzee Tweve alikuwa anakunywa chai yake. Alikuwa ameapa kwamba hatamsaidia Lutengano hata kwa neno moja, maana simu ile ndiyo inayomfukuza mjini. Alipoona kilichotoka kwenye boksi alicheka hadi chai ikamwagikia suruali.

"Kijana, hii ni ya oili. Mwalimu anataka pampu ya petroli. Kwa lugha yetu mafuta ni mengi, hata haya ya kukaangia maandazi ni mafuta."

Lutengano akainama. Mama Mgaya akakaa kwenye benchi, machozi yanamlengalenga. Mzee akaona aibu ya kicheko chake, akaweka kikombe chini.

"Waambie walete za petroli zote walizo nazo," alisema. "Zikifika, nitakuchagulia."

"Kweli, mzee wangu?"

"Agiza kabla sijabadili mawazo."

Zikaja pampu tatu, mbili mpya zinang'aa, moja mtumba iliyochomolewa kwenye gari huko Japani. Kijana yule alipiga simu mpaka sauti ikamkauka, na bila yeye tungekuwa tunaijua dawa ya ugonjwa bila kuipata.

Mzee Tweve akazishika moja moja. Akafumba macho. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akaja kutazama.

"Hizi mpya ni feki zote mbili," alisema. "Zingekufikisha mlimani, zikuache hapo na magunia yako. Chukua hii kuukuu."

Nilimwona mzee amefurahi. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu watu wasubiri jibu lake. Na ni kweli, sisi wengine tungechagua inayong'aa.

Mwalimu akashusha tangi, akalisafisha, akafunga pampu. Mama Mgaya akafungulia swichi. Tukasikia mlio mdogo kule nyuma, kisha pikapu ikawaka. Nilipiga vigelegele, sioni haya kusema. Kinyozi yeye, kwa utani wake, akamwambia Mama Mgaya, "Aliyeiwasha ni wewe. Fremu ni yako mwenyewe." Tukacheka sote, na viazi vikafika sokoni vikiwa salama.

Kicheko kikaisha, maneno yakaanza.

"Mimi ndiye niliyeujua ugonjwa, na mimi ndiye niliyefunga pampu," alisema Mwalimu. "Hao walinisaidia."

"Pampu ungefunga ipi, Mwalimu?" aliuliza Lutengano. "Ile niliyoileta mimi."

"Uliyoileta ya kwanza au ya pili?" alidakia Mzee Tweve. "Ningenyamaza, mama huyu angefungiwa feki. Angekuwa bado mlimani."

Nikawaambia wagawane. Msinione mjinga, nililifikiria hilo kabla yenu. Lakini fremu yenyewe ina hatua nne kwa tatu. Rafu za mzee zikiingia, maboksi ya Lutengano hayana pa kukaa, na Mwalimu hawezi kushusha injini juu ya kaunta. Isitoshe, ahadi ilikuwa ya mmoja. Mama Mgaya akaomba siku moja ya kufikiri.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Yeye akasema apewe Mzee Tweve, kwa sababu vijana wana muda. Mimi nikasema Mwalimu, kwa sababu alianza na akamaliza. Tukanuniana. Mtoto wetu akasema Lutengano, kwa kuwa ndiye aliyekosea akarudi tena, na wengi wakikosea huzima simu.

Asubuhi yake Mama Mgaya akaja na ufunguo wa kitasa, nasi tukamfuata. Mlango wa fremu ile ni wa chuma, una makomeo matatu. Na kila komeo lilikuwa na kufuli ambalo Mama Mgaya halijui. La juu zito, la zamani, tukalitambua ni la dukani kwa Mzee Tweve. La kati jipya, bado lina karatasi ya mzigo wa basi. La chini limepakwa oili lisishike kutu. Kila mmoja alikuja usiku kuiwahi fremu kwa kufuli lake, na gizani akadhani yeye ndiye wa kwanza.

Wao wenyewe walikuwa wamesimama hapo, aibu imewajaa. Kisha Mzee Tweve akaanza kucheka, na Mwalimu, na Lutengano. Wakafungua mmoja baada ya mwingine, ili Mama Mgaya aone ndani, maana hata mwenye fremu hakuweza kuingia mpaka wawepo wote watatu. Akaitazama fremu yake, akayapima makufuli yale mkononi, akanigeukia mimi muuza maandazi, na mimi nawageukia ninyi.

Makufuli mawili lazima yarudi kwa wenyewe. Ungekuwa wewe ndiye Mama Mgaya, mlangoni ungeacha kufuli la nani, na wale wawili ungewatazama usoni uwaambie nini?