Mshauri Muulize Anakula kwa Nani

"Mshauri muulize anakula kwa nani." Mmeisikia mkacheka, mkadhani ni maneno ya watu wachoyo. Methali hii haikuzaliwa kwenye mzaha. Ilizaliwa na hasira, na ilikuwa hivi.

Sekela alikuwa akisoma katika chuo kimoja cha fedha ili awe mshauri wa watu kuhusu mapato na akiba zao. Muhula ule kila mwanafunzi alitakiwa atafute mteja wa kweli na kumpangia fedha zake, na kazi hiyo ilibeba nusu ya alama. Sekela alimchagua mama yake, Atuganile, mkunga aliyekuwa amestaafu karibuni, na ambaye kiinua mgongo chake kilikuwa bado benki hakijaguswa.

Mpango wa kwanza Sekela aliuandika vizuri: fungu la matibabu ya macho, fungu la kufugia kuku, na akiba ya dharura. Mwalimu wao, Bwana Lugendo, aliukata wote kwa kalamu nyekundu. Akaagiza fedha yote iwekwe kwenye bima ya akiba ya kampuni fulani, kwa miaka kumi na mitano. Darasa zima aliliagiza hivyo hivyo, na hakuna aliyejiuliza sababu.

Mama alipoletewa fomu aliisogeza hadi puani, maana mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumsumbua.

"Miaka kumi na mitano? Mwanangu, nina sitini na moja. Nitakwenda kuzichukua nimevaa sanda?"

"Mama, mwalimu ndiye anayejua. Nisipomfuata nitafeli."

"Kama ndiko kufaulu kwako, lete kalamu."

Mwaka haukuisha, macho yakazidi. Daktari akasema yapasuliwe yote mawili. Walipokwenda kwenye kampuni kuomba fedha, wakaambiwa anayevunja mkataba mapema hurudishiwa robo tu. Robo! Jasho la miaka thelathini na minne ya kuzalisha wake za watu! Sekela akaomba kuiona fomu. Chini, penye nafasi ya wakala anayelipwa kamisheni, ambapo siku ya sahihi palikuwa patupu, sasa palikuwa na jina la Lugendo.

Hakupita nyumbani. Aliingia darasani katikati ya somo, fomu mkononi.

"Mwalimu, kwa sahihi ya mama yangu ulilipwa kiasi gani?"

"Kaa chini, binti. Kila mtu anakula. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake."

"Kamba yenyewe umeifunga shingoni mwa mama yangu! Na mimi mjinga ndiye niliyemshika ukamfunga." Akawageukia wenzake, machozi yanamtoka. "Jamani, nendeni mkaangalie fomu za wazazi wenu. Na kuanzia leo, mshauri muulizeni anakula kwa nani!"

Walikwenda wakaangalia. Kila fomu ilikuwa na jina lile lile. Lugendo alihamishiwa chuo kingine na hakurudisha hata senti moja. Sekela akarudishwa mwaka kwa utovu wa nidhamu. Hiyo ndiyo haki? Mimi kila nikiisimulia naumwa na kifua. Robo ile ilitosha kupasua jicho moja tu, na la pili likapofuka kabisa.

Sekela alipohitimu alikodi chumba kidogo akafungua ofisi. Mteja wa kwanza alikuwa mama yake, na vijisenti vyake vya kuuza mayai ya jirani. Hakukaa kama mama. Alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Nataka ushauri," akasema. "Lakini kwanza niambie, mshauri, unakula kwa nani?"

Sekela alitaka kucheka. Akamtazama mama usoni, akaona hana utani.

"Kwako tu, mama. Simpelekei mtu wateja, wala hakuna kampuni inayonilipa. Bei yangu imeandikwa hapa."

"Nisomee," mama akasema. "Neno kwa neno."

Sasa nyinyi mnaocheka: ikiwa Atuganile alimuuliza hivyo mwana aliyemzaa mwenyewe, nyinyi mnamwonea nani haya? Mshauri muulize anakula kwa nani.