Majani Yaliyotoweka Shambani kwa Senkondo

Kisa hiki nilitumiwa na mtu aliyeniomba nisikiishie katikati. Nami nakuomba hivyo hivyo. Kisome chote, halafu mpe mwingine.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare aliishi mkulima wa tangawizi aitwaye Senkondo. Shamba lake lilipakana na la mdogo wake, Kalebi. Lilikuwa shamba moja la baba yao, likagawanywa na mfereji wa maji. Kalebi alipofariki, upande wake ulibaki kwa mjane wake, Nakijwa.

Miaka kumi na mitatu kabla ya kisa hiki, Senkondo alikata mishai yote ya upande wake, ile miti mipana yenye majani madogomadogo, akapanda misindano, miti ya mbao yenye majani membamba kama sindano. Ilikua haraka, imenyooka, kijani mwaka mzima. Watu walikuja kuitazama. Nakijwa hakukata hata mti mmoja.

Miaka ikapita. Tangawizi ya Nakijwa ikawa inatoka ardhini nene kama ngumi. Ya Senkondo ilitoka nyembamba, ya manjano, nusu yake imekauka. Aliongeza samadi, akabadilisha mbegu, akachimba matuta upya. Hali ikawa ile ile.

Siku ya mkutano wa kitongoji, Senkondo alisimama mbele ya watu wote.

"Shamba ni moja, mvua ni moja, jua ni moja. Kwa nini kwangu kunakufa na kwake kunanenepa? Mwanamke huyu anavuta rutuba ya shamba langu. Ni mchawi! Namtaka aondoke kijijini."

Mkutano ulilipuka kwa kelele. Nakijwa alimtazama mama mkwe wake, mama mzazi wa Senkondo, akitarajia atasema neno. Mama yule alijifunika uso kwa khanga.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu ya Nakijwa. Akifika mtoni, wenzake walibeba ndoo zao, hata zisizojaa, wakaondoka.

Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Eliwaza, alipomwita ajitetee, Nakijwa hakulia. Alimgeukia Senkondo.

"Shemeji, nakuomba masika moja tu. Chukua mifuko miwili ya wavu. Mmoja ujaze majani ya misindano yako, mwingine majani ya mishai yangu. Uifunge mwenyewe. Uizike mwenyewe, shambani kwako, mahali nisipoweza kufika."

"Halafu?"

"Masika ikiisha tuifukue mbele ya watu, tuone kilichobaki ndani. Mkiniona nina hatia, nitaondoka na wanangu."

Senkondo alikubali. Alijaza mifuko pomoni, akaifunga kwa waya, akaizika ubavu kwa ubavu kwenye shimo moja lenye kina cha kiganja. Juu yake akarundika miiba, na kila asubuhi alikwenda kuhakikisha haijaguswa. Haikuguswa.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Mwezi wa tano tangu kuzikwa kwa mifuko ile, kijiji kizima kilikusanyika shambani kwa Senkondo.

Aliondoa miiba mwenyewe, akafukua. Mfuko wa kwanza kutoka ulikuwa wa misindano. Ulikuwa umejaa kama alivyoufunga. Akauinua juu watu wauone.

Kisha akavuta wa pili, akaganda.

Mfuko wa mishai ulikuwa umelegea kama soksi. Waya ulikuwa umefungwa vile vile. Wavu haukuwa umechanika. Lakini majani hayakuwemo!

"Ameyavuta!" mtu akapiga yowe. "Ameyavuta mbele ya macho yetu!"

Wanawake walirudi nyuma wakikanyagana. Kijana mmoja aliokota jiwe, na wa pili naye akaokota. Bwana Eliwaza alijitupa mbele ya Nakijwa, mikono ameitanua, akipaza sauti, "Atakayerusha aanze na mimi!"

Nakijwa alimpita pembeni. Alipiga magoti kando ya shimo, akachana ule wavu kwa kisu. Ndani vilikuwemo vijiti vyembamba vya majani, udongo mweusi wenye unyevu, na minyoo ikijikunja kwenye mwanga. Kisha akaingiza mkono mahali mfuko ulipokuwa umelala, akatoa udongo wa chini yake. Nao ulikuwa mweusi, laini, wakati kuta za shimo lote zilikuwa na udongo uliopauka kama majivu.

"Shemeji, mfuko huu nani aliufunga?"

"Mimi."

"Na ardhi hii ni ya nani?"

"Ya... yangu."

"Basi mlaji ni ardhi yako. Yangu nayo huyala majani ya mishai kila mwaka, yakawa udongo. Yako yakidondokea upande wangu wa mfereji nayakuta masika kwa masika yapo vile vile. Ndipo nilipojua. Ardhi yako haijaibiwa kitu. Ina njaa, shemeji. Miaka kumi na mitatu umeipa chakula kigumu kuliwa."

Senkondo alichukua jembe, akaenda chini ya misindano yake akaparua. Majani makavu, na chini yake majani makavu, na chini yake tena majani, marundo ya miaka mingi, kina cha kifundo cha mguu. Jembe likamdondoka.

Akakaa chini. Akamgeukia Bwana Eliwaza.

"Mwenyekiti, nyuma ya zizi langu kuna dumu la mafuta ya taa. Tulishakubaliana na vijana wanne. Mifuko ingetoka vyovyote vile, jioni ya leo tungechoma nyumba yake."

Lile jiwe la kwanza lilisikika likianguka. Mama mkwe alitoa sauti ambayo sijui niielezeje.

"Na wanangu ndani?" Nakijwa aliuliza.

Senkondo aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa udongo. "Nisamehe, mke wa ndugu yangu."

"Nimekusikia," alisema Nakijwa. "Kusamehe, nitakuja kukuambia siku nikiweza."

Dumu lilichukuliwa na mwenyekiti, na wale vijana wakajulikana kwa majina. Senkondo alipunguza misindano, akabakiza ya mbao pembezoni, akapanda mishai katikati ya matuta. Miche aliipata kwa Nakijwa, aliyemwachia kando ya mfereji bila neno. Mwaka wa nne, tangawizi yake ikaanza kunenepa.

Mwaka wa sita ndipo Nakijwa alipovuka mfereji, akaketi barazani kwa Senkondo, akaomba chai. Shemeji yake alilia hata akashindwa kuimimina.

Funzo: Kabla hujamwita jirani yako mchawi, chimba kwanza chini ya miti uliyoipanda kwa mkono wako, kwa maana wengi wamekaribia kuua mtu asiye na hatia kwa sababu ya njaa waliyoipanda wenyewe.