Kibuyu Chini ya Kitanda

Alikuwepo binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyefiwa na mama yake. Mama huyo, ndugu zangu, mtindi wake ulisifika kitongoji kizima. Akina mama mnajua: kijiko cha mtindi wa jana ndicho kinachogandisha maziwa ya leo.

Siku ya kuanua matanga, binti akakuta kibuyu cha mama kimebaki na mtindi kidogo. Akakifunga kwa kitambaa, akakificha chini ya kitanda. Asikiguse mtu! Tangu hapo, simu ikilia moyo unamwenda mbio: nani tena amekufa? Mdogo wake akichelewa kutoka shule, anatoka kumngoja barabarani. Chakula hakipiti. Usiku anainama, anakipapasa kibuyu, anajiambia mama bado yumo.

Miezi miwili ikapita. Bibi yake akasikia harufu.

"Mke mwenzangu, umefuga panya humu?"

"Bibi, usikimwage, nakuomba! Mama hakuniachia kingine."

Wakakifungua. Lo! Ukungu mtupu. Binti akalia kuliko siku ya mazishi. "Nimempoteza mara ya pili," akasema.

Je, bibi alimwambia ajikaze? Hata! Alikaa chini akalia naye, maana aliyekufa alikuwa mwanawe wa kumzaa. Walipochoka kulia, akamshika mkono wakaenda kwa jirani kuomba mtindi.

Binti akaonja. Akaonja tena. Ulikuwa wa mama yake!

"Unashangaa nini, mwanangu?" jirani akamwambia. "Wa kuanzia alinipa mama yako, mwaka juzi. Nusu ya kitongoji tunagandishia wa kwake."

Mmesikia? Alioufungia binti umeoza. Aliougawa mama unanyweka mpaka leo.

Binti alirudi nyumbani na kijiko kimoja tu. Akaosha kibuyu, akatia maziwa mapya. Hofu haikumwisha siku hiyo, nisiwadanganye. Lakini kesho kutwa yake mdogo wake alikunywa vikombe viwili, na yeye mwenyewe kimoja.

Nasi je? Tumekumbatia vibuyu vingapi, tukiogopa kwamba tukicheka tumewasahau wetu? Wewe kijana uliyekaa kule nyuma, sikuambii uache kumlilia mama yako. Mungu hajakukataza. Nakuuliza tu: mama yako yuko katika nyumba ngapi ambazo hujapiga hodi?