Kindi na Kibuyu cha Maziwa

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado wanapika na kufagia nyua zao, Ng'ombe alikuwa akiwagawia wanakijiji maziwa. Kila asubuhi alijaza kibuyu kikubwa, kila mtu achote kikombe.

Kifaru na Fisi wakajifanya walinzi wa kibuyu.

"Maziwa ni ya watoto!" wakatangaza. "Mtu mzima na maziwa, wapi na wapi?"

Wazee wakaona haya, wakaacha. Watoto walipata kikombe kimoja kimoja. Yaliyobaki, walinzi waliyamalizia nyuma ya ghala, gugu, gugu, gugu!

Miaka ikapita. Siku moja mama yake Kindi, kizee kabisa, aliteleza jikoni. Kach! Mkono ukavunjika.

Kobe, fundi wa kuunga mifupa, akaufunga kwa vijiti. "Mifupa ya uzeeni hupungua nguvu," akamwambia Kindi. "Mpe maziwa, mtindi, dagaa, mboga za majani. Ujana haurudi, lakini huenda vikamsaidia."

Kindi akaenda kuomba kikombe.

"Mama yako bado ananyonya?" Fisi akacheka. "Kwa, kwa, kwa!"

Kindi alirudi nyumbani na kikombe kitupu, akiwaza la kufanya.

Kesho yake asubuhi akaja mbio penye kibuyu. "Jamani! Wachanjaji wamefika mtoni! Wanachanja watoto wote, sindano zao urefu wa mkia wangu!"

"Sisi si watoto," akasema Kifaru.

"Wao humtambua mtoto kwa maziwa mdomoni."

Kifaru akajipangusa midomo, fyu, fyu! Fisi akajificha nyuma yake. "Tufanyeje, dada Kindi?"

"Tangazeni maziwa ni ya wazee, si yenu. Pazeni sauti, wasikie."

Wakapaza sauti, kijiji kizima kikatoka nje. "Maziwa ni ya wazee! Sisi hatuyagusi kamwe!"

"Wazee, mmesikia?" Kindi akaita. "Leteni vikombe!"

Wakaja na mikongojo yao, mama yake Kindi akiwamo, kibuyu kikakauka mbele ya walinzi.

"Wachanjaji wako wapi?" Fisi akauliza.

"Hawakuwapo," Kindi akajibu.

Fisi akageuka, akaondoka na Kifaru. Angekana vipi, na kijiji kizima kimemsikia?

Mkono wa mama Kindi ulichukua miezi kuunga, ukabaki umepinda kidogo. Lakini mwiko aliushika tena.

Basi, wanangu, chakula kinachojenga mifupa ya mtoto humfaa na mzee, na anayemwaibisha mzee asikile huenda anakitaka yeye.