Tumbo Halisomi Boksi

Eh, mmecheka mama yenu aliponiambia "tumbo halisomi boksi", halafu mnaniuliza limetoka wapi neno hilo. Ngojeni nikae vizuri, mgongo huu. Tumbo halisomi boksi. Watu wanalisema tu siku hizi, hata wasiomjua mzee Ambokile. Lakini lina kwao, na lilianza hivi.

Ambokile alikuwa na ng'ombe wawili na migomba, huko juu ya Tukuyu ambako mvua ikianza inasahau kuondoka. Mke alishamzika. Mwanawe wa kiume, Lugano, alifanya kazi kiwanda cha chai, anatoka alfajiri anarudi jioni. Na binti yake, Tusajigwe, aliolewa Mwanza. Mwanza na Tukuyu, wajukuu zangu, nyie mnaona kwenye ramani tu. Mwaka wa kwanza alikuja Pasaka. Wa pili akasema mwakani. Wa tatu akasema mwakani. Ambokile akawa kila basi likipiga honi kule barabarani anaacha kukata majani ya ng'ombe, anasikiliza kwanza.

Basi mzee akapata presha. Zahanati wakampa vidonge kwenye kibahasha cha karatasi, kimoja kila asubuhi. Tusajigwe kusikia, na yeye akaanza kutuma dawa kwa basi. Sio kibahasha, boksi. Boksi jeupe lina mstari wa dhahabu, na juu ameandika kwa kalamu: Baba, kimoja asubuhi. Ambokile hakujua kusoma, lakini mwandiko wa mwanawe aliujua. Alikuwa anaupitishia kidole.

Akawa anameza vyote. Cha zahanati kwa maji, cha Tusajigwe kwa maziwa, polepole, kama mtu anayeongea na mgeni. Nesi alimuuliza siku moja, mzee, kuna dawa nyingine unatumia? Akasema hapana. Hakudanganya. Kwake zile hazikuwa dawa, zilikuwa mtoto.

Sasa mwenye macho alikuwepo. Nsubile, mke wa Lugano. Alifika kidato cha pili yule. Anafagia, anaokota boksi tupu, anasoma maandishi madogo, halafu anasoma kibahasha. Akaona neno ni lile lile. Lakini zamani kwetu mkamwana haongei na baba mkwe. Akimwona anapinda njia, anajifunika kanga. Miaka minne nyumba moja, hawajasemezana. Nsubile akamwambia mumewe. Lugano akajibu, "Dada anampenda baba kuliko sisi wote. Atamtumia kitu kibaya?" Yakaishia hapo.

Miguu ya mzee ikaanza kuvimba. Akisimama, dunia inazunguka. Akasema ni uzee. Asubuhi moja akaenda migombani na panga, akainama, akainuka, na hapo hapo chini.

Alipozinduka alisikia sauti asiyoijua.

"Baba, usiinuke haraka. Lala kwanza."

"Nani huyo?"

"Mimi, mama wa mjukuu wako Gwamaka." Nsubile alikuwa amepiga magoti, amempa mgongo, lakini mkono wake umemshika mzee bega. "Nisamehe, Baba. Leo nitasema."

Wakaenda zahanati, yeye mbele hatua kumi na mwavuli, mzee nyuma na fimbo. Nsubile akamkabidhi nesi kibahasha na boksi, akageukia ukutani, akaeleza yote huko huko.

Nesi Sekela, mama mmoja mwenye maneno, akauliza, "Mzee, mkamwana wako mbona anaongea na ukuta?"

"Ukuta umebahatika," Ambokile akasema. "Mimi miaka minne sikupata neno."

Nesi akampima, akatikisa kichwa. Presha ilikuwa imeshuka mno. Akaweka boksi na kibahasha pamoja mezani. "Angalia. Hili jina kubwa ni la kiwanda. Hili dogo la chini ndilo jina la dawa. Na kwenye bahasha niliandika hilo hilo dogo. Unameza dawa moja mara mbili, mzee. Ndiyo inayokuangusha."

"Lakini hii ya mwanangu ni ya bei. Tazama boksi lake."

"Tumbo halisomi boksi," ukuta ukajibu.

Nesi akacheka mpaka akashika meza. Ambokile hakucheka. Alichukua boksi, akapitisha kidole pale penye kalamu.

"Nikiiacha hii," akasema, "mwanangu nitamweka wapi?"

Halafu Nsubile, bado uso ukutani: "Baba, wifi alinipigia Jumapili. Pasaka haji tena. Kila akikusanya nauli, inaishia kwenye maboksi hayo. Amesema afadhali baba awe mzima kuliko mimi nimwone."

"Na wewe hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Baba? Hatuongei."

Mzee akaliweka boksi mezani. Nesi akamwelekeza taratibu: kimoja tu kwa siku, hiki cha hapa. Usiongeze. Usiache mwenyewe kwa kuwa umejisikia nafuu. Rudi wiki ijayo nikupime. Na chochote unachomeza, hata akikupa mwanao, hata mizizi ya jirani, leta nikione. Kuuliza hakuna foleni.

Jioni Lugano akampigia dada yake, mzee akaishika simu kwa mikono miwili. "Mwanangu, maboksi yatoshe. Dawa hiyo hiyo ninayo hapa. Njoo wewe."

Upande wa pili akasikia Tusajigwe anapumua. Ambokile alisikiliza hata kule kupumua, hakutaka simu ikatwe.

Tusajigwe akaja, wiki ya maharage mapya. Amekonda kidogo, sauti ya mama yake tupu. Wakapika ndizi na maharage, wakaleta maziwa mgando, mkeka ukatandikwa. Mzee akakataa kunawa.

"Nsubile yuko wapi?"

"Jikoni, Baba. Si unajua," Lugano akasema.

"Mwiteni. Ulimi ulioniinua migombani hauwezi kula peke yake jikoni."

Akaja, kanga usoni, akakaa pembeni ya mkeka, amempa mzee nusu mgongo. Nusu tu. Tusajigwe yeye alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono mitupu.

"Naona aibu, Baba. Mara hii sikukuletea kitu hata kidogo."

Ambokile akapapasa mkeka pale ubavuni kwake, mahali palipokuwa wazi miaka mitatu.

"Tumbo halisomi boksi, mwanangu. Kaa."

Akakaa. Wakanawa wote, wakala.