Bi Kindi na Ulimbo wa Fenesi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, zama ambazo hata chui hakuingia kwa mtu bila kupiga hodi, Bi Kindi aliishi peke yake katika tundu la mfenesi. Mumewe alikwisha kufa, na wanawe walihamia mbali. Alipika chakula cha mtu mmoja, na hata hicho kilibaki.

Kila msimu Tembo na Nyani walikuja. Puu! Waliangusha fenesi, wakajipaka mafuta ya nazi ulimbo usiwanase, wakapasua, wakala, wakaenda zao. Hata salamu!

"Mwaka huu watakaa," Bi Kindi alijiapia.

Walipokuja tena, wakiwa bado wanaangua, alikinyakua kibuyu chao cha mafuta, akakikalia na kukifunika kwa mkia.

"Kibuyu kiko wapi?" Nyani aliuliza.

"Mafuta ya nini, mwanangu?" alisema Bi Kindi. "Mvua za mwaka huu zimeusomba ulimbo wote. Pasueni tu!"

Mlafi hana subira. Nyani akapasua, Tembo akachomeka mkonga. Ukanasa ndi! Nyani akaushika mkonga auchomoe. Naye akanasa ndi!

"Lo! Tumekwisha! Bi Kindi, mafuta!"

"Ngojeni niyatafute. Kwanza, habari za huko kwenu?"

Wakangoja, wangefanya nini? Bi Kindi aliwasimulia jinsi marehemu mumewe alivyokoroma hata siku ya harusi. Nyani akacheka, kwa kwa kwa! Tembo akauliza, "Halafu ikawaje?"

Miaka mingi hakuna aliyemuuliza hivyo. Bi Kindi alifurahi mno, akainuka kuwaonyesha alivyocheza ngoma siku ile.

Nyani akakiona kibuyu.

"Ala! Kumbe mafuta unayo tangu asubuhi!"

"Ninayo," alisema Bi Kindi, machozi yakimlengalenga. "Ningewapa mapema, mngekaa?"

Akawamiminia mafuta, wakajisugua, wakanasuka. Tembo aligeuka mara moja, kama mwenye neno, kisha akamfuata mwenzake.

Jioni Bi Kindi alifunua chungu. Asubuhi ile alikuwa amepika chakula cha watu watatu.

Ulimbo hunasa mikono, wanangu, moyo haunaswi.